Kichwa cha Euro 6 cha mtumba: AdBlue na DPF nizime au niache?

Tela_Iringa:

Habari wakuu, naomba kueleweshwa. Nina mpango wa kuongeza kichwa kimoja, mzigo ni Dar kwenda Tunduma na mara nyingine unavuka mpaka Lubumbashi. Hadi leo natumia chuma za zamani, Euro 3 (hizi Euro ni viwango vya moshi vya Ulaya), pampu na nozeli basi, ikizingua porini fundi wa barabarani anamaliza safari inaendelea. Sasa yadi zinazoleta mitumba kutoka Ulaya zimejaa Euro 5 na Euro 6, Euro 3 zilizobaki zimechoka kabisa, na bei za Euro 6 zimeanza kushuka mpaka zinatamanisha. Ila kila fundi ninayemuuliza jibu ni hilo hilo, nunua halafu tunazima AdBlue (ile dawa ya kusafisha moshi), tunatoboa DPF (ile filta ya moshi), unatembea.

Mimi nataka kuelewa kwanza. Hivi vitu vinafanya kazi gani hasa, kwa nini viliwekwa, na nikivitoa napoteza nini? Hela ni ya mkopo wakuu, msinijibu kwa kifupi.

FundiPampu:

Mkuu usiharakie kutoboa. Ngoja niandike kwa urefu maana hizi ndo kazi ninazozishika kila siku na inaniuma nikiona injini nzima inaharibiwa kwa sababu ya kutojua.

Dizeli haina plagi, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Pale nozeli inapopuliza, katikati ya moto mafuta ni mengi na hewa ni kidogo, hapo ndo masizi yanazaliwa. Pembeni ya moto hewa inatosha na joto liko juu sana, hapo nitrojeni ya kwenye hewa, ambayo siku zote haina ugomvi na mtu, inaungana na oksijeni zinatoka gesi wanazoziita NOx. Hizo ndo zinakwaruza kifua na kuleta ule ukungu wa kahawia juu ya miji mikubwa. Sasa shida ni kwamba hivi viwili vinavutana kama shuka fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. Ukiacha moto uwe mkali masizi yanapungua ila NOx inapanda, ukiupoza moto NOx inashuka ila masizi yanajaa na mafuta unakula zaidi. Kila unachokiona kimefungwa kwenye lori la kisasa kuanzia tabo mpaka mwisho wa ekzosi kimetokana na mvutano huo.

Ulaya walianza 1992 na Euro 1, iliruhusu gramu 8 za NOx kwa kila kilowati-saa ya kazi ya injini. Euro 2 ya 1996 ikashuka 7, Euro 3 ya 2000 ikawa 5, Euro 4 ya 2005 ikawa 3.5, Euro 5 ya 2008 ikawa 2, halafu Euro 6 iliyoshika 2013 ikaporomoka mpaka 0.4. Masizi nayo kutoka gramu 0.36 mpaka 0.01. Yaani Euro 6 inatoa sehemu moja tu ya 20 ya NOx iliyoruhusiwa Euro 1.

Mpaka Euro 3 waliweza kumaliza mambo ndani ya injini yenyewe, wakapandisha presha ya nozeli mafuta yakapulizwa laini zaidi, wakaweka umeme uamue nozeli ifunguke saa ngapi, wakapoza hewa ya tabo kabla haijaingia. Kuanzia Euro 4 ikawa haitoshi, wenye viwanda wakagawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ni EGR, unachukua sehemu ya moshi unaupitisha kwenye rejeta yake ndogo upoe, unaurudisha ndani uchanganyike na hewa mpya. Oksijeni inapungua, moto unapoa, NOx inashuka. Scania na MAN walikuwa na injini za Euro 5 za namna hiyo, hazitumii AdBlue kabisa. Njia ya pili ni SCR, waliyoishika Volvo, DAF na Mercedes. Hapo unaiacha injini iwake kwa moto mkali inavyotaka, inakula mafuta vizuri, halafu NOx unaimalizia nje kwenye ekzosi kwa AdBlue.

AdBlue ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji yaliyotolewa madini yote. Ikipulizwa kwenye moshi wa moto inageuka amonia, amonia ikikutana na NOx kwenye masega (lile tofali la matundu matundu kwenye ekzosi lenye kemikali ya kusafisha moshi) zinatoka nitrojeni na mvuke wa maji, basi. Ila moshi ukiwa chini ya nyuzi 200 hivi kompyuta haipulizi, maana urea haitageuka vizuri, itaganda. Ukifungua bomba ukakuta unga mweupe umeng'ang'ania kwenye nozeli ya AdBlue mgumu kama chumvi ya mawe, ujue gari linapuliza kwenye moshi usio na joto la kutosha au nozeli yenyewe inavuja.

Euro 6 karibu zote zimeweka vyote mstari mmoja: masega ya kwanza, kisha DPF ya kukamata masizi, kisha AdBlue na masega ya SCR, mwisho masega madogo ya kumeza amonia iliyobaki. Nyingi zina EGR pia, japo Iveco na baadhi ya Scania walienda na SCR peke yake. Ndo maana lile boksi la pembeni ya chesi limekuwa kubwa kuliko tenki la mafuta la pikapu.

Tela_Iringa:

Shukrani sana fundi, hapo kwenye EGR na SCR leo ndo nimeelewa, nilikuwa nadhani ni kitu kimoja. DPF sasa? Ndo wanayosema inaziba gari linakosa nguvu.

Dereva_Ohio:

Salamu kutoka Marekani ndugu zangu, mimi ni mtu wa Tanga naendesha semi huku, hiyo DPF naishi nayo kila siku ngoja nikujibu.

DPF ni kinyungu kikubwa cha kauri chenye mifereji mingi midogo, mifereji imezibwa kwa kupishana, huu mbele ule nyuma, kwa hiyo moshi hauna njia ila kupenya kwenye kuta. Gesi inapita, masizi yanabaki. Sasa masizi yakijaa lazima yachomwe. Ukiwa na mzigo unapanda mlima moshi una moto wa kutosha, yanaungua taratibu yenyewe hata hujui. Ukiwa na safari fupi fupi au unakaa sailensa (injini inawaka gari limesimama) muda mrefu hayaungui, basi kompyuta inapuliza dizeli kidogo kwenye moshi, ile dizeli inawakia kwenye masega ya kwanza na joto la filta linafika karibu nyuzi 600. Ikishindikana ukiwa unatembea taa inawaka kwenye dashibodi inakwambia paki uchome. Unapaki, unabonyeza swichi, injini inapanda mizunguko yenyewe, feni inanguruma, unakaa hapo nusu saa na ushee. Usipaki juu ya nyasi kavu hata siku moja, huko kwetu kiangazi utachoma pori.

Kitu ambacho hakiungui ni majivu, na majivu hayatoki kwenye dizeli sanasana, yanatoka kwenye oili ya injini. Kuna oili maalumu za majivu machache kwa ajili ya injini zenye DPF. Ukiweka oili yoyote iliyokuwepo dukani filta itajaa majivu haraka, hapo hata uchome mchana kutwa haisaidii, mpaka ifunguliwe ipelekwe kwenye mashine ya kusafisha.

Na mkuu usidhani Wamarekani walilipokea hili kwa furaha. Miaka ya 90 viwanda vya injini viliweka kwenye kompyuta mpangilio wa kupita kwenye vipimo vya serikali, halafu gari likiingia barabara kuu mpangilio unabadilika, NOx inamwagika ili dizeli ipungue. Mwaka 1998 makampuni saba yalibanwa na serikali: Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack, Navistar, Renault na Volvo. Wakalipishwa faini ya jumla ya dola milioni 83.4 na wakakubali kutimiza viwango vya 2004 mapema, Oktoba 2002. Baadaye ikaja 2007 na DPF, halafu 2010 na AdBlue ambayo huku tunaiita DEF. Caterpillar wakaona bora waache kabisa kutengeneza injini za malori ya barabarani kwa soko la hapa. Navistar wao wakagoma kutumia AdBlue, wakasema watafika kwenye kiwango cha 2010 kwa EGR peke yake. Hawakufika. Mwaka 2012 wakasalimu amri wakachukua mfumo wa SCR wa Cummins, na mkurugenzi wao mkuu akaondoka mwaka huo huo. Kampuni kubwa ile, ilitikisika kwa ajili ya hilo tu.

Kuhusu kuzima, huku ukikamatwa umekwisha, na California tangu Januari 2023 lori lenye injini ya chini ya mwaka 2010 karibu halina ruhusa ya kutembea.

MamaTelaTatu:

Nawasikia wote mnaongea vizuri ila na mimi nina magari na ninalipa mishahara, naomba nisikilizwe.

Gari langu moja la Euro 6 lilizingua sensa ya NOx likiwa limeshapita Mikumi na mzigo wa mtu. Kwanza nguvu zikapungua, dereva akapiga simu, tukadhani ni filta ya dizeli. Akaendelea hivyo hivyo, akalaza, alivyowasha asubuhi gari haliendi zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Ishirini! Na injini nzima, nozeli nzima, tabo nzima. Nimelipa faini ya kuchelewesha mzigo, sensa imesubiriwa, dereva amelala porini. Aliyeniuzia hakuniambia chochote kuhusu hilo. Wale waliozima wanapita tu. Sasa mimi mfanyabiashara nifanyeje?

Halafu AdBlue yenyewe tunategemea urea ya nje. Mwaka 2021 China ilipobana urea isitoke, Korea Kusini malori yalikaribia kusimama nchi nzima watu wanapanga foleni ya AdBlue, na Australia nao wakapata wasiwasi huo huo. Kama imewatokea hao wenye pesa zao, sisi je?

FundiPampu:

Mama pole sana, na hoja yako ni ya kweli. Ile kilomita 20 haikuwa kuharibika kwa gari, ni sheria ya Ulaya imeandikwa ndani ya kontrolboksi. Euro 6 ikiona AdBlue imeisha au mfumo umechezewa inakupa onyo, kisha inapunguza nguvu kwa robo, halafu ukipuuza, gari likizimwa na kuwashwa au likijazwa mafuta au likipaki muda mrefu, ndo inakufunga kwenye 20. Euro 5 za SCR nazo zinapunguza nguvu, kwa gari zito zinaondoa asilimia 40, ila haziwi kama hiyo. Waliotunga sheria walikuwa wanafikiria barabara ambayo fundi anakuja ndani ya saa moja, hawakufikiria Mikumi. Hapo nakubaliana na wewe kabisa, mteja wa mtumba anatakiwa aambiwe kabla hajalipa.

Ila naomba niseme kitu ambacho mafundi wa kuzima hawasemi. Nimeeleza juu kwamba injini ya SCR imeachiwa iwake kwa moto mkali kwa makusudi kwa sababu NOx itasafishwa nje. Sasa ukifunga kile kiboksi cha kuidanganya kompyuta kwamba AdBlue inapulizwa, injini haijui, inaendelea kuwaka kwa moto ule ule na hakuna wa kusafisha. Hilo gari la Euro 5 lililozimwa linaweza kutoa NOx kuliko hiyo Euro 3 ya zamani unayoiacha. Moshi hauuoni kwa macho kwa sababu NOx haina weusi, ndo maana watu wanadhani gari ni safi. Umelipa hela ya Euro 5 au 6 unatembelea kitu kibaya kuliko cha 2000.

Na huo moshi unavutwa na nani? Dereva na utingo wanaolala kwenye kabini foleni nzima, mama anayeuza chai pembeni ya malori, na sisi gereji. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza kabisa, vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Mimi nina vijana gereji wa miaka 19. Sitoboi DPF ya mtu, aende kwingine.

MsafiriMalaba:

Sasa wadau, mimi ni wa hapa Kenya, tunavuta mizigo Mombasa mpaka Kampala, naongezea tu ya barabarani kwa sababu hayo ya kiwanda yameelezwa poa sana.

Kitu kinaua hizi gari huku kwetu si hizo sensa kwanza, ni foleni na mafuta. Foleni ya boda, yaani mpakani, dereva anaacha injini sailensa usiku mzima juu ya AC na kuchaji simu, moshi ni baridi, masizi yanajaa, AdBlue haipulizwi, asubuhi anasonga mita mia anasimama tena. Ukirudia hiyo kila wiki DPF itaziba tu hata ikiwa mpya. Sisi tumeambia madereva wazime injini wakisimama, na wakitoka boda wavute gari na mzigo kwa mwendo wa kueleweka bila kusimama simama, taa nyingi zinajizima zenyewe hapo. Nyinyi wa Tanzania mko na Kitonga, gari ikipanda hiyo na mzigo kamili filta inajichoma vizuri kuliko swichi.

Ya pili AdBlue feki. Kuna watu wanachukua urea ya mbolea ya mahindi wanakoroga na maji ya kisima wanauza kwa mtungi. Maji ya kisima yako na chokaa, mbolea nayo huwekwa dawa ya kuzuia isigandamane, zote zinaenda kukaa kwenye masega na hazitoki. Masega ya SCR ikikufa ni pesa mingi, hutaki kujua bei. Nunua iliyoandikwa ISO 22241, hicho ni kiwango cha kimataifa cha AdBlue, na usiiache kwa jua, ikikaa kwa joto la nyuzi 35 inaanza kuharibika ndani ya miezi sita hivi. Pia wafunze watu wa pampu, kuna mmoja alimwaga dizeli kwa tenki ya AdBlue na kifuniko ni ya blue kabisa, pampu na raba zote zikaisha.

Tela_Iringa:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa mafuta je? Maana wengi wanasema dizeli ya kwetu ndo inaua Euro 6, na huko mbele ya Tunduma ndo sijui kabisa.

FundiPampu:

Hapo umegusa penyewe. Adui wa masega ni salfa. Ulaya wenyewe hawakuweza kuleta Euro 4 mpaka waliposhusha salfa kwenye dizeli kuwa 50 ppm (sehemu 50 kwa kila milioni) mwaka 2005, na kufika 2009 wakaiweka 10. Marekani vilevile walishusha mpaka 15 mwaka 2006 kabla ya DPF za 2007. Mafuta yalitangulia, injini zikafuata, na hilo ndo linalosahaulika huku tunapoleta gari bila kuuliza litakunywa nini. Sisi Afrika Mashariki tulikubaliana 50 ppm kuanzia Januari 2015, kwa hiyo dizeli ya kituo kinachoeleweka inaitosha Euro 4 na Euro 5. Euro 6 imechorewa 10, kwenye 50 itatembea ila ukaguzi wa filta na masega usogeze karibu, usifuate kitabu cha Ulaya.

Balaa ni dizeli iliyochakachuliwa. Unakumbuka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wakose faida, maana walikuwa wanamwaga mafuta ya taa kwenye dizeli. Mafuta ya taa salfa yake inaweza kuwa mara nyingi ya hiyo 50, ndugu yake Jet A-1 ya ndege kikomo chake ni 3000 ppm. Kwa hiyo dereva anayejaza kwenye madumu ya barabarani kuokoa shilingi kidogo anaua masega, na nozeli anazikausha kwa sababu mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli.

Ushauri wangu kwako, kwa sababu gari litavuka mpaka Lubumbashi, chukua Euro 5 ya SCR isiyo na DPF. Ina AdBlue tu, lita 5 hivi kwa kila 100 za dizeli, unatembea na mitungi yako kabini unavuka nayo. Haina filta ya kuziba, na sensa zake ni chache. Euro 5 ya EGR isiyo na AdBlue nayo watu wanaipenda, mimi sikukatazi ila rejeta ya EGR ikitoboka maji yanaingia kwenye silinda, na gari la mtumba lenye kilomita nyingi hilo lazima ulitegemee. Euro 6 iache kwa gari litakalozunguka ndani ya nchi, Dar, Dodoma, Mwanza, ambapo unajua unajaza wapi na fundi mwenye mashine yupo. Na usiikimbie milele, Ulaya wameshapitisha Euro 7, malori yataanza 2028 na NOx inashuka tena mpaka 0.2, kwa hiyo mitumba ya miaka ijayo yote itakuwa ya namna hii.

MamaTelaTatu:

Fundi hapo kwenye mitungi ya AdBlue kutembea nayo kabini umenisaidia, hilo nitalifanya kwa gari zote. Lile moja sijalizima na baada ya maelezo haya sitalizima. Ila wauzaji waseme ukweli.

Tela_Iringa:

Jumamosi nakwenda yadi, kuna Euro 5 mbili nimeziona. Niangalie nini?

FundiPampu:

Nenda na fundi mwenye mashine ya kupima, kompyuta isomwe kabla muuzaji hajafuta namba za makosa zilizomo. Waambie wasiliwashe kabla hujafika, unataka kuliona likiwaka la baridi. Fungua kifuniko cha AdBlue uangalie tenki, likiwa kavu na vumbi ndani ujue muda mrefu linatembea limezimwa. Kagua waya zinazokwenda kwenye kontrolboksi ya AdBlue, ukiona kiboksi kidogo kimefungwa kwa utepe mweusi hakina hata namba ya kiwanda, hicho ndo kidanganyio, walilizima huko huko Ulaya, na bei lazima ishuke au uondoke. Gonga boksi la ekzosi kwa kiganja likiwa la baridi, likisikika tupu masega yameshauzwa. Kisha liwashe, lijazwe AdBlue halisi hata lita 10, litembezwe na tela lenye mzigo, mashine ikae imechomekwa uone NOx kabla na baada ya masega. Sensa ya nyuma ikisoma karibu sawa na ya mbele gari likiwa limeshapata moto, masega yamekufa hata kama taa haijawaka.

Ukipata namba za injini ziweke hapa Ijumaa nikuangalizie ni ya SCR au EGR kabla hujapoteza nauli.